Mbwa Watatu wa Kuazima

Nakumbuka siku moja ya Jumapili, watu tumetoka ibadani, Mzee Ndahani alisimama kwenye uwanja wa kanisa la kijiji chetu, huku wilayani Chamwino, akaanza kutaja, polepole na bila chuki, mambo ambayo mimi sitayaweza maishani. Sitaweza jembe, kwa sababu viganja vyangu vimelainika kama maandazi. Sitaweza kukaa na mke wa Kigogo, kwa sababu atanipikia mlenda, ile mboga ya kuteleza, nami nitaomba kijiko. Sitaweza kufuga, kwa sababu mifugo haisomi. Mwisho akanyoosha fimbo yake kumwonyesha mbwa wake, aliyelala kwenye kivuli cha baiskeli za waumini, mbavu zinahesabika kama ngazi.

"Huyu kijana wetu amesomea chakula," akasema. "Haya. Hata huyu mbwa hawezi kumnenepesha."

Watu wakacheka, na wengine walikuwa ndugu zangu wa damu.

Mwanangu, mtu mwenye busara angecheka pamoja nao akaenda zake kula. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba na stashahada. Ukivitia vitu hivyo viwili katika mfuko mmoja wa shati, mwenye shati hakai kimya. Nikasema mbele ya waumini wote, mchungaji akiwa bado amevaa kanzu yake, kwamba nipewe mwezi mmoja tu, na si mbwa mmoja bali watatu, nami nitawarudisha wanene hadi wenyewe washindwe kuwatambua.

Ngoja kwanza nikwambie mimi ni nani, maana nyinyi vijana mnaokuja kwangu kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, na magari yenu kuniuliza mapishi ya mbwa, mnaona mzee tu mwenye kofia ya sufu. Mimi niliondoka kijiji hiki na malapa mguuni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mwanasiasa aliyenilipia ada. Niliuza mayai ya kuchemsha stendi, nikaosha vyombo hotelini, nikasoma jioni, hadi nikapata stashahada ya lishe, yenye muhuri, yenye jina langu lote, Yoramu Chilatu, bila kosa hata la herufi moja. Kisha nikafanya kazi Arusha katika nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba la maua. Huko ndiko nilikoona kwa macho yangu mbwa anapikiwa. Mbwa wawili, kila mmoja na bakuli lake, nami ndiye niliyekuwa mpishi wao kwa miaka mitatu. Mapishi yao yalibandikwa ukutani jikoni. Sehemu ya juu niliikariri. Sehemu ya chini iliandikwa kwa wino mwekundu, nami sikujisumbua nayo, nikidhani ni bei.

Ikumbuke hiyo, mwanangu. Mtu anaweza kuishi miaka mitatu mbele ya karatasi na asisome nusu yake.

Basi nikarudi nyumbani na sanduku la magurudumu, ambalo kwenye mchanga wetu lilibidi libebwe kichwani, na nikataka kijiji kijue kwamba aliyerudi siye yule aliyeondoka. Ndivyo nilivyoingia katika habari ya mbwa.

Sasa, mbwa wa huku kwetu si pambo. Mbwa ni mfanyakazi. Anakwenda na mbuzi malishoni, anamfukuza mbweha asinyakue vitoto vya mbuzi, anawafukuza nyani shambani. Tena hupewa jina ambalo mwenye nyumba anataka majirani walisikie, ili akimwita jioni awe amekwisha sema yaliyo moyoni bila kugombana na mtu. Mbwa wa Mzee Ndahani aliitwa Hamnilishi. Wa mwinjilisti Mika aliitwa Vumilia. Na wa tatu, ambaye ndiye hasa sababu ya mimi kukusimulia haya, aliitwa Mtasema, mbwa wa Bibi Sechelela.

Bibi Sechelela alikuwa mjane, na binti zake wote walikuwa wameolewa mbali. Alikuwa na mbuzi kumi na wawili na huyo Mtasema. Mbuzi ndio waliokuwa chumvi yake, sabuni yake na dawa yake. Na kwa kuwa magoti yake hayakukubali tena kukimbia, Mtasema ndiye aliyekuwa magoti yake. Bila mbwa yule, mbweha wa korongoni wangemaliza vitoto vyote kabla mvua haijaja. Hilo kila mtu alilijua, hata mimi.

Ndahani alinipa mbwa wake siku hiyo hiyo, kwa furaha, kama mtu aliyepata pa kutupa taka. Mwinjilisti alinipa wake kwa sala. Bibi Sechelela alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwapia kwamba Mtasema ataendelea kwenda na mbuzi asubuhi kama kawaida, ila chakula cha jioni atakula kwangu. Akanitazama sana. Alikuwa rafiki wa marehemu bibi yangu, na nadhani aliniazima yule mbwa kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili yangu. Akanikabidhi kamba, akafungua kinywa aniambie mbwa wake anakula nini na hali nini.

"Bibi," nikamkatiza, "hilo nimelisomea."

Akafunga kinywa. Mwanangu, ukiona mzee amefunga kinywa haraka namna hiyo, usifurahi. Hajashindwa hoja. Amekuachia njia upite na mzigo wako.

Nikaanza kupika. Nilikuwa na sufuria kubwa, mafiga matatu na watazamaji. Nilipika ubwabwa wa mtama na maini, karoti na karanga za kusaga. Mpaka hapo mapishi yangu yalikuwa mazuri, na hata leo nayasifu. Lakini mpishi mwenye watazamaji hupika kwa mikono miwili na kujionyesha kwa kumi. Nikaona harufu haitoshi, nikakaanga kitunguu. Nikaona kitunguu kiko peke yake, nikakiongezea kitunguu saumu. Nikatia chumvi, nikaonja, nikasema kwa sauti kwamba hata mimi ningekula. Watu wakakubali. Mzee mmoja akauliza kama kweli chakula hicho ni cha mbwa, maana yeye amekuja na bakuli lake.

Kisha nikafanya lile lililonitia aibu. Ilikuwa msimu wa zabibu. Wewe unaijua Dodoma yetu, msimu ukiwa umefika zabibu ziko kila mahali: kwenye matenga barabarani, kwenye ndoo, kwenye mikono ya watoto. Nikajiambia kwamba mzungu wa Arusha hakutia zabibu kwa sababu hakuwa nazo. Mimi ninazo. Nani amewahi kumpa mbwa chakula chenye fahari ya Dodoma ndani yake? Nikamwaga bakuli zima la zabibu nyeusi katika sufuria, nikakoroga, na nikawahutubia watu juu ya vitamini.

Mbwa wakapewa. Wakala. Na hapa ndipo palipokuwa na somo la bure ambalo sikulichukua. Mtasema na Vumilia walikula kila kitu, ila zabibu walizitoa. Wallahi tena, mimi Mkristo naapa: walizitoa moja moja kwa ulimi, wakaziacha zimejipanga pembeni mwa bakuli kama kura zilizoharibika. Hamnilishi peke yake alimeza, lakini Hamnilishi alikuwa mbwa wa Ndahani, na katika maisha yake hakuwahi kuchagua.

Watu wakacheka tena. Ndahani akasema, "Wenyewe hawajasoma, ndiyo maana hawajui vitamini."

Nilikasirika, mwanangu. Nilimkasirikia mbwa. Nimeishi miaka mingi na nimefanya mambo mengi ya kijinga, lakini sijawahi kuwa mjinga kama jioni ile niliposhindana akili na mbwa nikataka nishinde. Siku ya pili nilizitia zabibu kwenye kinu, nikazitwanga pamoja na maini hadi zikawa rojo, nikachanganya na mtama. Sasa chagueni, nikasema. Hawakuweza kuchagua. Wakala wakamaliza, na mimi nikatembea kijiji kizima nikieleza kwamba mnyama naye hufunzwa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku ya nne asubuhi Vumilia alitapika, akanywa maji, akalala kidogo, akaamka. Hamnilishi alitapika, akala alichotapika, akaja kunidai kingine. Lakini Mtasema, aliyelala uani kwangu tangu jioni, hakuinuka. Alitapika povu, akatikisa mkia mara moja kama mtu anayeaga, akaweka kichwa chini. Mbuzi wa bibi walikuwa wamesimama mlangoni mwa zizi wakimsubiri.

Bibi Sechelela alikuja kwangu kwa mwendo wake wa fimbo. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Hakupiga kelele. Aliinama juu ya sufuria yangu, akachovya kidole, akanusa.

"Umetia zabibu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya vitamini. Hata wakati ule, mwanangu, bado nilikuwa nasema vitamini.

Akakaa juu ya kinu changu. Akaniambia kwamba amevuna zabibu katika mashamba ya watu tangu nikiwa natambaa. Kwamba kila mvunaji, hata asiyejua kuandika jina lake, anajua kumfunga mbwa kabla hajashusha tenga chini, kwa sababu mbwa akila zabibu zilizomwagika huumwa, na wengine hufa. Hakuna aliyewaandikia. Wamezika mbwa, wakajua. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yananiwasha.

"Nilitaka kukwambia siku ile. Ukasema umelisomea."

Nilikuwa na baiskeli. Nikafunga tenga nyuma ya kiti, tenga lile lile la kubebea zabibu, nikamlaza Mtasema ndani juu ya shati langu la kazini Arusha, nikaanza kukanyaga pedali kwenda mjini Chamwino kwa daktari wa mifugo. Njia nzima watu wanajua tenga ni la zabibu. Kila ninayempita ananiita, nauza bei gani. Mama mmoja akanisimamisha kabisa, akafunua kitambaa achague kichala, akakutana na pua ya mbwa. Alinilaani kwa Kigogo safi, na mimi nilipita nikiitikia amina, kwa sababu niliona nastahili.

Daktari alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, mwenye kalamu. Akamlaza mbwa mezani, akampima, akaniuliza amekula nini. Basi nikaanza kutaja, na unajua binadamu alivyo, nilipoanza kutaja nikasahau nimekuja kwa msiba, sauti ikapanda. Mtama. Maini. Karoti. Karanga. Alikuwa anaandika. Nikasema kitunguu, akainua macho. Nikasema kitunguu saumu, akaweka kalamu chini. Niliposema zabibu, akavua miwani.

"Nani alikupa mapishi haya?"

"Ni ya kwangu mwenyewe. Mimi nina stashahada ya lishe."

"Lishe ya nani?"

"Ya watu."

"Basi, kaka, ungewalisha watu," akasema, na akaenda kuchukua dripu.

Akanieleza, bila dharau, jambo ambalo wino mwekundu wa Arusha ulikuwa unanieleza kila siku kwa miaka mitatu: kwamba zabibu, mbichi au kavu, huziharibu figo za mbwa, na hakuna ajuaye ni kiasi gani kitamuua yupi, mwingine hula akasimama, mwingine huanguka. Kwamba kitunguu na kitunguu saumu huila damu yake taratibu. Sasa, akasema, tumeshampa maji na dawa. Kilichobaki ni kusubiri akojoe. Akikojoa, figo zinafanya kazi, amepona. Asipokojoa kufikia kesho kutwa, nijiandae kwenda kumwambia mwenyewe.

Nilirudi kijijini bila mbwa. Bibi Sechelela alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mbuzi wake hawajui habari za dripu, na kesho asubuhi watataka kwenda kula. Nikaelewa. Mtu aliyemlaza mfanyakazi wa mwenzake, yeye ndiye huamka kwenda kazini.

Hivyo, mimi Yoramu Chilatu, mwenye stashahada, niliyekula meza moja na wazungu, nikawa mbwa wa Bibi Sechelela. Sisemi kwa mfano. Nilikwenda na mbuzi kumi na wawili korongoni. Siku ya kwanza mbweha alijitokeza kwenye vichaka, akanitazama, akaona hakuna mbwa, akaketi. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, hakusikia. Nikapiga kelele kwa Kigogo, akatega sikio moja. Mwishowe, mwanangu, naomba ulipokee hili kwa heshima ninayokupa kwa kukusimulia: nilibweka. Nilibweka kwa nguvu zangu zote nikamkimbilia na fimbo, kiatu changu cha Arusha kikabaki kwenye tope, na mbweha akaondoka. Nilipogeuka, Mzee Ndahani alikuwa amesimama ukingoni mwa korongo. Hakucheka. Alipiga mluzi, kisha akaita kwa upole, "Mtasema! Njoo, Mtasema!" Akaenda zake. Kufikia saa sita mchana kijiji kizima kilikuwa kinaniita hivyo.

Mbuzi waliporudi kunywa maji, nilipanda baiskeli kwenda mjini kuuliza kama amekojoa. Bado. Nikarudi. Njiani watu ambao jana waliuliza bei ya zabibu, leo waliuliza kama amekojoa. Mwinjilisti Mika aliomba juu ya jambo hilo katika ibada ya nyumba kwa nyumba, na alitafuta sana maneno ya kulitamka mbele ya Bwana. Hata shuleni, nimeambiwa, mwalimu alisimamisha somo kuuliza. Huwezi kuamini kijiji kilivyoweza kuunganishwa na mkojo wa mbwa mmoja. Lakini mimi sikuwa nacheka. Usiku na mchana nilibeba kichwani picha ya yule mjane anatembea korongoni peke yake na magoti yale, na sababu ni kwamba sikumwachia amalize sentensi moja.

Siku ya tatu nilipofika, daktari alikuwa amemtoa Mtasema nje, amesimama kwa miguu minne inayotetemeka. Aliponiona alitikisa mkia. Nikapiga magoti mbele yake kumwomba radhi, na nilikuwa nimevaa suruali yangu nzuri ya kitambaa. Akanisogelea, akaninusa, akafikiri kidogo, akainua mguu.

Daktari aliruka kwa furaha. Na mimi sikusogea. Sijawahi, mwanangu, kufurahia kulowa kama nilivyofurahia saa ile. Nilirudi na suruali ile mpaka kijijini, Mtasema akiwa tengani, nikaenda nayo moja kwa moja kwa Bibi Sechelela ili aone ushahidi. Akaitazama, akainusa kwa mbali, akasema, "Marahaba." Alikuwa anaitikia ile shikamoo ya juzi.

Jioni hiyo nilikwenda na sufuria yangu jikoni kwake, nikaketi kwenye kigoda chini, nikasema, "Bibi, nifundishe." Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi niliinama hadi kigodani.

Akanifundisha. Sikia, maana hiki ndicho mlichokijia na magari yenu. Chukua unga wa uwele au wa mtama, pika ugali laini, uive hasa, maana tumbo la mbwa halisagi unga mbichi. Nyama iwe nyingi, si ya kupaka harufu: utumbo uliooshwa, moyo, bandama, mapafu, vile ambavyo bucha hukuuzia kwa bei ndogo. Maini yawe kidogo tu, mara moja moja, kwani yakizidi nayo ni sumu. Dagaa wakavu wa ziwani, waliolowekwa kuondoa mchanga na chumvi. Boga lililochemshwa, majani ya kunde yaliyokatwa. Chumvi usitie. Kitunguu usitie. Mafuta ya kukaangia yaache kwa ajili ya wageni. Mfupa wa kuku ulioiva usimpe kabisa, hupasuka kama kioo ukamchana matumbo. Na kipoe kabla hajala.

Mimi nami nilikuwa na la kwangu, wala sitalificha, kwa sababu stashahada yangu haikuwa ya kuokota. Nikamwambia bibi kwamba chakula hiki kina nyama tele lakini kinakosa kitu cha mifupa. Tukaushe maganda ya mayai juani, tuyasage yawe unga laini, tunyunyize kijiko kidogo. Unadhani alinijibu kwamba yeye amefuga mbwa tangu nikiwa natambaa? Hapana. Aliweka mwiko chini akaniuliza kwa nini. Nikamweleza. Akauliza, kiasi gani kwa mbwa mdogo? Na mwenye mimba je? Na ganda la bata linafaa? Yule mama ambaye hakuwahi kukaa darasani aliuliza maswali mengi jioni moja kuliko niliyouliza mimi chuoni. Nikamjibu yote niliyoyajua, na lile moja nisilolijua nikasema silijui. Lilinitoka kwa shida kama mwiba.

Mwezi mmoja niliouahidi kanisani ukawa karibu miwili. Hakuna aliyelalamika. Asubuhi nilikwenda na mbuzi pamoja na Mtasema, yeye akiwa bado dhaifu, mimi nikiwa msaidizi wake. Jioni nilipika. Mbavu za Hamnilishi zikaanza kupotea moja moja. Vumilia akaota manyoya mahali palipokuwa na upele. Mtasema akarudi kukimbia, manyoya yanang'aa kama kiatu cha mbunge.

Ndipo ikafika siku ya kurudisha kila cha mtu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na mimi nilitaka kuvua ya watu mapema. Nilimpeleka Vumilia kwa mwinjilisti, tukaomba, nikaaga. Nilimpeleka Hamnilishi kwa Mzee Ndahani, aliyemzunguka mara mbili akitafuta kasoro, akasema tu kwamba mbwa amenona lakini mimi nimekonda. Nilimpeleka Mtasema kwa bibi. Nikarudi kwangu nimenyoosha kifua, mtu asiyedaiwa na nyumba yoyote. Nilipofungua mlango wa uani, nikakuta mbwa wawili wameketi mbele ya sufuria. Vumilia na Hamnilishi walikuwa wamepita njia ya mkato.

Nikawarudisha. Wakarudi. Nikawafunga kamba huko kwao. Hamnilishi alirejea na kamba na kigingi chake. Kwa siku tatu nilikuwa narudisha mbwa asubuhi nao wananirudia jioni, na watu sasa walikuwa wanasema nimewaloga. Mtasema peke yake alikaa kwake. Hapo ndipo akili iliponijia. Mtasema alikaa kwa sababu kwa bibi alipikiwa chakula kile kile. Mbwa harudishwi kwa kamba, mwanangu. Hurudishwa kwa chakula.

Basi nikaenda kwa mwinjilisti na boga chini ya kwapa, nikapika na mke wake mara mbili, ya tatu akapika mwenyewe, na Vumilia hakuonekana tena kwangu. Kwa Mzee Ndahani sikuwa na ujasiri wa kwenda. Nilibaki na mbwa wake. Siku ya tano jioni, yeye mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni, akakohoa, akazungumza sana habari za mvua. Mbwa wake alimwona, akabaki ameketi miguuni pangu. Mzee alimtazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikuona dhihaka usoni mwake. Niliona mtu ambaye mbwa wake mwenyewe hamfuati.

Kisha akauliza, akiangalia pembeni, "Hilo boga... mnalimenya, au hapana?"

Nikamwambia halimenywi, mzee wangu, linachemshwa na ganda lake. Karibu ukae nikuonyeshe. Akakaa. Akauliza na jingine. Tulipomaliza, alibeba sufuria yangu kwa mikono yake mwenyewe hadi nyumbani kwake, na Hamnilishi akamfuata nyuma bila kamba, pua juu. Jioni ile ndipo nilipomaliza kumlipa kila aliyeniazima.

Sasa, mwanangu, nakuachia maneno yangu wazi ili usiseme mzee alinizungusha. Mpikie mbwa wako; chakula cha nyumbani kikiandaliwa vizuri hakina mfano, na katika kata hii mimi ndiye niliyekianzisha, asikwambie mtu mwingine. Lakini kabla hujatia kitu kipya katika bakuli lake, muulize daktari wa mifugo, na muulize aliyefuga kabla yako. Kitu kinachokulisha wewe kinaweza kumuua yeye. Akikitoa kwa ulimi na kukiweka pembeni, usishindane naye. Elimu yako ilinde, ijivunie, itundike ukutani kama yangu, ila mtu akifungua kinywa kukwambia jambo, mwache amalize; kunyamaza dakika moja hakujawahi kumpunguzia mtu cheti. Na ukiazima kitu chenye uhai, rudisha na ujuzi wa kukitunza, la sivyo hujarudisha kitu.

Nenda sasa, moto usikuzimikie na chakula kisikuungulie. Mungu wa baba zetu akupe mvua ya kutosha uwele wako, akupe majirani wenye subira na mdomo wako, akujalie afya wewe na kila kinachokula mkononi mwako, mkubwa na mdogo, mwenye miguu miwili na mwenye minne. Amina.